Seli Walioshiba

Jana mchana, baada ya wali maharage, usingizi ulinikamata kwenye kiti changu cha maabara. Nilichokiota nakisimulia kama kilivyokuwa, cheka ukitaka.

Kwanza ujue nilikuwa taabani. Kazi yangu ni kulea seli changa za misuli, tunazozitoa kwa kifaranga ambaye bado yumo ndani ya yai. Zikikua vizuri kwenye kisahani huungana, nyingi zinakuwa mwili mmoja mrefu, na mwili huo huanza kurukaruka wenyewe. Zangu, miezi mitatu, zilikuwa zinazaana tu. Bosi wangu, Dakta Msofe, alishasema: saa tisa alasiri kisahani cha mwisho kinatupwa, na mimi nitafute kazi nyingine.

Basi naota nimo ndani ya kisahani, nimevaa koti langu jeupe, maji ya rangi ya waridi yananifika magotini. Seli mmoja mnene ananijia akicheua.

"Shikamoo, shangazi Somoe. Mimi ndiye mwenyekiti wa mtaa."

"Marahaba. Mwenyekiti, mbona hamuungani?"

"Tuungane tuna shida gani? Asubuhi unatumiminia maji ya damu ya ndama, jioni unaongeza. Tukishiba tunagawanyika. Jana nilikuwa mmoja, leo niko wanne. Vikao tutakaa saa ngapi?"

Nikaona haya. Ni kweli, maelekezo yanasema siku ya tatu upunguze chakula. Lakini mimi nyumbani naishi peke yangu, sina wa kumpakulia, na moyo ulinikatalia kabisa kumlaza mtu na njaa.

"Nikipunguza mtanichukia," namwambia.

"Tutanuna kidogo."

Nachomoa kizibo chini ya mguu wangu, maji yanashuka. Hapo hapo tuko kwenye uwanja wa ofisi ya kata. Seli wote wamepanga mstari, bega kwa bega, wameelekea upande mmoja, na hakuna anayejua mbele kuna nini. Hadubini yangu inapita na kopo la rangi nyekundu, inachora X kwenye tumbo la kila seli, maana tumbo ndilo ukuta wake.

"Bomoa mwenyewe," inasema. "Usisubiri tingatinga."

Kuta zinaanguka bila vumbi. Mwenyekiti anaingia kwa jirani, jirani anaingia kwake, na sasa ni nyumba moja ndefu kama behewa, ina wenye nyumba arobaini na mmoja, kila mmoja anadai katikati ni pake.

"Sogeeni ukuta wa nje, nyuzi za kuvuta misuli zipite!" inafoka hadubini.

Wanasogea, wananung'unika. Nyuzi zinatandazwa katikati, nyumba yote. Wanazivuta kwa pamoja. Hakitikisiki kitu.

"Tumepungua mmoja," anasema Mwenyekiti, na wote wananigeukia.

Natazama tumbo langu. Lina X, rangi bado mbichi.

"Nikiingia, nitatoka?"

"Thubutu! Hakuna kutoka. Na kugawanyika ndiyo basi tena. Ila hutakula peke yako."

Miaka thelathini na minane nimeujenga ukuta huu, nimeuziba nyufa, nimeuzoea. Halafu nikasikia wanabanana kunipa nafasi, na mmoja anasema, "Mpisheni shangazi, atakuwa na baridi." Nikabomoa. Jamani, furaha niliyoipata! Tukavuta, na nyumba nzima ikaruka.

"Somoe! Saa tisa hii."

Ni Dakta Msofe, ananitikisa bega. Mkono mmoja ameshika kisahani, mwingine ndoo ya taka.

"Nipe mara moja tu, Dakta," nikamwambia, nikakiweka chini ya hadubini, ambayo sasa ilikuwa kimya kama si yenyewe.

Katikati ya zile seli nikaona mwili mmoja mrefu. Umelala umetulia. Mara ukaruka, na kidole changu kidogo cha mkono wa kushoto kikaruka nao. Nikakikamata kwa mkono wa kulia nikakibana. Kwenye lenzi, mwili ukabanwa, ukashindwa kuruka. Nikakiachia, ukaruka.

"Haya, lete nikatupe," Dakta akasema, amenyoosha mkono.

Nikakifunika kisahani kwa viganja vyote viwili.

"Usithubutu, Dakta. Mimi nimo humu."