Mtia Harufu

Gesi ya kupikia yenyewe haina harufu. Watu wengi hawalijui hilo, na nikiwaambia hunitazama kama tapeli. Ile harufu ya kabeji iliyooza, inayokufanya uruke kitandani ukisema gesi inavuja, hutiwa makusudi kiwandani ili gesi isije ikaua watu kimyakimya. Mwaka wa tisini na sita, katika kiwanda kimoja cha kujaza mitungi kule Industrial Area, mtia harufu nilikuwa mimi.

Nilikuwa nimemaliza politekniki, nikaja Nairobi kwa mafunzo ya kazini ya mwaka mmoja. Tulikuwa wanagenzi wanne. Wanaume watatu walipewa pampu, vali na mizani, mimi nikapewa pipa la dawa ya harufu. Msimamizi wetu, Bwana Wandera, alisema wanawake wana mkono mwepesi wa kupima. Uongo mtupu. Aliyekuwa akiifanya kazi hiyo kabla yangu alikuwa ametoroka, na wale wenzangu walikuwa wameapa kwamba hawaigusi. Lakini kazi mbaya si mchezo mwema, na mwisho wa mwaka kampuni ingemwajiri mmoja wetu. Nikavaa glavu nikaliendea pipa.

Ile dawa haina adabu. Uvae glavu, uvae ovaroli, ufunge kitambaa kichwani, bado itakufuata mpaka nyumbani. Nilioga kwa ndimu, nikaoga kwa magadi, nikajisugua kwa majivu kama sufuria. Na mimi mwenyewe sikuisikia! Wandera alikuwa amenionya siku za mwanzo.

"Pua ya mtu wa gesi hufa mapema, dada," alisema. "Usiiamini tena. Ukitaka kujua kama mtungi unavuja, paka povu la sabuni uangalie viputo."

Basi nikawa natembea mjini bila kujua ninanuka kiasi gani, ila kwa kutazama nyuso za watu.

Niliishi Kware, chumba kimoja, ghorofa ya pili. Asubuhi nilipita Mukuru kwa Reuben pamoja na vibarua wa viwandani, na vijana wa pale kwa kinyozi walikuwa na wimbo wao: "Oya, zimeni fegi, wazee! Gesi ndio huyo anapita!" Mwezi wa kwanza nilicheka nao. Mwezi wa pili nilitafuta njia nyingine. Kanisani, Asenath wa kwaya, binti wa kwetu Kimilili niliyedhani tungekuwa marafiki, alinijia kwa upole wa shemasi akaniuliza, "Dada, si ukae hapo karibu na mlango upate hewa?" Hewa ilikuwa ya kwao, si yangu. Nilikaa karibu na mlango, na benchi lote likabaki langu.

Pale kwenye ploti, jengo letu la vyumba vya kupanga, majirani walimwita keateka, mtunza jengo, mara mbili wiki ile ya kwanza aje atafute gesi inakovuja. Wote walipikia mafuta ya taa, kwa hiyo hakukuwa na cha kuvuja. Baadaye wakazoea. Harufu ikipanda ngazi, mtu husema, "Ah, ni yule msichana tu wa juu," kisha anafunga mlango. Nilipika ugali wa mtu mmoja na kula nikisikiliza redio ya jirani kupitia ukutani. Nilikuwa mpweke, basi. Sina neno la kulipamba jambo hilo.

Aliyekuwa na redio ni Mama Kavinya. Jina lake ni Nthoki, lakini hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa mumewe, Munyao, aliyeendesha lori la kubeba ngozi mbichi kwenda Athi River. Binti yao Kavinya alilelewa na nyanya yake huko Makueni, na Munyao alikuwa mtu wa barabarani, kwa hiyo mama naye alishinda peke yake. Jioni moja nilipita mlangoni pake nikiharakisha, kama nilivyozoea, ili nisimkere mtu. Akaniita.

"Wewe msichana, kwani unakimbia askari? Ingia unywe chai."

"Mama, mimi nanuka gesi."

"Na mimi nimeolewa na dereva wa ngozi! Hii pua iliacha kulalamika kitambo. Ingia bwana, usisimame hapo kama askari wa kanju ya jiji."

Nilikaa kwenye kochi lake, na machozi yangu yakadondokea ndani ya chai ya kwanza. Alijifanya hakuona. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi yetu. Sikuhitaji kupiga hodi. Harufu yangu ilipofika kwenye ngazi, yeye huweka sufuria jikoni, na ninapofika mlangoni maji yameanza kuchemka. "Mgeni njoo mwenyeji apone," husema, na kweli sijui kati yetu nani aliyekuwa akipona zaidi. Mji mzima ulinikimbia kwa harufu ile, yeye peke yake ndiye aliyeifurahia. Nilimpenda kwa hilo kuliko ninavyoweza kueleza.

Mwezi wa Agosti Munyao alimnunulia mtungi mdogo wa gesi, ule wenye jiko juu yake. Ploti nzima ilikuja kuutazama. Mimi nilikuja na kopo la povu la sabuni. Nilipaka shingo ya mtungi, nikaukagua ule mpira mdogo unaokaa kati ya vali na jiko, nikaona hakuna kiputo. Kisha nikamfundisha, naye akarudia kama mtoto wa nasari: ukisikia harufu usiwashe kiberiti, funga vali, fungua mlango.

"Na nikisikia Nekesa je?" akauliza kwa uso wa utani, akinitaja mimi kwa jina.

"Ukisikia Nekesa, weka chai."

Tulicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso.

Mwezi wa Oktoba kampuni ilitupeleka Nakuru wiki moja, tukaone matangi makubwa na namna mafuta yanavyopokewa kutoka kwenye bomba. Nilimwambia Mama Kavinya nitarudi Jumamosi mchana. Kule Nakuru wenzangu walilala watatu chumba kimoja wakipiga soga, nami nikapewa chumba changu mwisho wa korido. Nililala nikihesabu nitakayomsimulia. Jumamosi yenyewe basi likaharibika karibu na Gilgil, tukakaa kando ya barabara tukimsubiri fundi, na nikafika Kware jua linakaribia kutua.

Watu walikuwa wamejaa chini ya ploti. Dirisha la Mama Kavinya halikuwepo, na ukuta juu yake ulikuwa mweusi. Phares, fundi viatu wa chumba cha chini, aliniona kwanza.

"Wamempeleka hospitali," akasema. "Mikono na uso. Ako hai."

"Hakuna aliyesikia harufu?"

"Tuliisikia tangu mchana, dada. Tukajua ni wewe umerudi."

Wengine wakatikisa vichwa. Ndiyo, waliisikia. Ndiyo, walijua ni mimi. Walilisema hilo kana kwamba kosa langu lilikuwa kuchelewa. Nilitaka kuwatukana mmoja mmoja, kwa majina yao. Badala yake nilipanda ngazi na kusimama mlangoni pale, na pua yangu haikuniambia kitu chochote.

Munyao alinieleza mengine kesho yake, akiwa amekaa kwenye ngazi na kofia mkononi. Gesi iliisha Ijumaa usiku, na Jumamosi asubuhi akabadilisha mtungi mwenyewe kabla ya safari yake. Ule mpira mdogo ulibaki umeng'ang'ania mtungi wa zamani, akarudisha mtungi huo dukani pamoja nao bila kujua. Mkewe alikuwa akifua nguo juu kwenye paa, na aliposhuka akaisikia harufu ngazini.

"Aliniambia alifurahi," Munyao akasema. "Aliita jina lako. Akadhani umeingia kwako kuweka mizigo. Akasema wacha nimuwekee chai mtoto ametoka safari."

Hakupaza sauti. Afadhali angenipiga.

Wiki hiyo Wandera aliniita ofisini akaniambia kampuni imenichagua mimi hata kabla mwaka haujaisha, kwamba mtu mwenye kuweza pipa lile miezi yote hii bila kutoroka haachwi hivihivi. Wenzangu walinipongeza kwa mbali, mikono mifukoni. Nilirudi Kware na habari ile imenijaa kifuani. Alikuwepo mtu mmoja tu wa kuambiwa.

Jumapili nilioga mpaka ngozi ikaniwasha. Nilivaa gauni lililooshwa upya, nikanunua machungwa, nikaenda hospitalini saa ya kuwaona wagonjwa. Kitanda chake kilikuwa cha mwisho wodini, na Munyao alikuwa ameketi kando yake. Mikono ilikuwa imefungwa bendeji nene, macho nayo yamefunikwa. Lakini alikuwa akiongea, akimuuliza mumewe habari za Kavinya, na sauti ilikuwa ile ile. Nilisimama hatua chache kutoka kitandani. Sikupiga hodi. Sikuwa nimewahi kumpigia hodi mama yule.

Akanyamaza katikati ya neno. Niliona pua yake ikicheza. Nikajua amenitambua, nikasogea.

"Baba Kavinya!" akapiga kelele. "Gesi! Gesi hiyo! Msiwashe! Jamani msiwashe kitu!"

Alijitupa kando ya kitanda, mikono ile ya bendeji ikipapasa hewani. Manesi walikuja mbio. Mgonjwa wa jirani naye akaanza kulia. Munyao alimshika mabega akimwambia hakuna gesi, Nthoki, hakuna gesi, na juu ya kichwa chake akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alikuwa akiniomba.

Nilifungua kinywa niseme ni mimi. Nikamwona anavyotetemeka, meno yakigongana, nikafumba. Nilirudi nyuma taratibu mpaka nikatoka wodini, nikaegemea ukuta wa korido na machungwa yangu. Nilisikia madirisha yakifunguliwa. Nikasikia kilio chake kikipungua.

"Imeisha?" akauliza.

"Imeisha."

Alivuta pumzi mara mbili, akinusa.

"Na Nekesa," akasema, "kwani hajarudi kutoka Nakuru? Hata kuja kuniona?"

Nilisikia kiti cha Munyao kikilia sakafuni.

"Bado," akamjibu.