Gari Lililozibwa Sauti

Mpimaji aligonga sakafu tupu ya gari kwa kifundo cha kidole, bati likalia ngo! Akagonga pale alipokwisha kubandika shiti ya lami ya kuzima kishindo: pu. Akatabasamu peke yake, akagonga tena. Raha jipe mwenyewe.

Gari lile alilinunua ujanani, alipokuwa akipima mashamba ya watu, na kwa miaka thelathini lilimpeleka yeye na mkewe kila mahali kwa kishindo. Sasa alikuwa mstaafu, na binti yao, aliyeolewa mwendo wa saa sita kutoka hapo, alikuwa amejifungua. Mkewe alikwishatoa msimamo: Jumamosi atapanda basi. Debe tupu haliachi kuvuma, alisema, naye hakuwa tayari kuzeekea ndani ya debe. Maneno hayo yalimuuma Mpimaji kuliko alivyoonyesha. Kwenda kumwona mjukuu wa kwanza, kila mtu na njia yake? Haiwezekani.

Basi akajifunga kibwebwe. Alitoa viti, akang'oa zulia lililooza, akasugua kutu kwa msasa mpaka pua ikajaa vumbi jekundu. Alibandika, akakandamiza kwa rola, akaziba kila tundu lililopitisha nyaya. Milango aliivika mpira mpya, kisha akaijaribu kwa ukanda wa karatasi: unaufungia mlangoni, unavuta, ukichomoka kirahisi, upepo nao utapita. Mlango wa dereva ulimtoa jasho siku mbili nzima. Aliyeamua kesi za mipaka hashindwi na ufa wa milimita, alijiambia, ingawa alikaribia kushindwa.

Ijumaa asubuhi alimwita mkewe kwa jaribio la mwisho. Alimwomba asimame nje, karibu na kioo, aseme kwa sauti ya kawaida. Yeye angekaa ndani asikilize. Mkewe akauliza aseme nini. Lolote, alimjibu, hata ahesabu moja mpaka kumi.

Akafunga mlango. Kuku, watoto wa jirani, cherehani ya ng'ambo ya barabara, vyote vikazimika. Alisikia pumzi zake mwenyewe. Kazi imekubali! Alimgeukia mkewe amwonyeshe dole gumba, ndipo alipoona kwamba hahesabu. Midomo ilikwenda polepole, ikasita, ikaenda tena. Macho yalikuwa kwenye boneti. Kisha akapangusa shavu kwa kiganja. Mpimaji alibana sikio kwenye kioo, asiambulie hata silabi. Hamu ya kujua ilimpanda, na nyuma yake ukaja woga. Akafungua mlango.

“Umesikia?” mkewe aliuliza.

Jibu alilolitamani wiki nzima sasa halikuwa na utamu. “Sijasikia hata neno.”

“Basi umeiweza kazi.”

“Achana na kazi, mama watoto. Ulikuwa unasema nini?”

“Si mapya. Nimeyasema humo humo ndani, njiani, miaka yote. Kila nikisema, unaitikia ndiyo, ndiyo, macho barabarani.”

Mpimaji alijaribu kukumbuka ndiyo moja tu, ilikuwa ya jambo gani. Hakukumbuka. Aibu ilimshika, akashuka, akazunguka kumfungulia mlango wa abiria. Mkewe alisimama kidogo, kisha akaingia. Naye akarudi nyuma ya usukani, akauvuta mlango taratibu mpaka ukashika. Ufunguo aliuacha mfukoni.

“Anza na la kwanza,” alisema.

Mkewe alitazama mbele.

“Siku ile tuliyotoka hospitali mikono mitupu, bila mtoto,” alisema, bila kupaza sauti, “nilikuomba usimamishe gari.”