Mtani Aliyetolewa Kaburini

Wewe unayenisikiliza, ungeambiwa umfuate mtu wako aliyekufa, na uende na mwenzako mmoja tu, ungemchukua nani? Nyamizi anamchukua kaka yake Mihayo, maana ndiye mwenye kauli nzito katika ukoo wao huko Tabora. Ni mchana, yuko mkekani anabangua karanga, beseni limefika nusu, na kichwa kakilaza juu ya sweta la kijani la binti yake Kalunde, aliyekata roho hospitalini wakati yeye Nyamizi katoka kidogo kuchemsha uji. Usingizi unamchukua, ganda moja bado liko mkononi, na ukuta wa chumba unakuwa barabara. Wanatembea yeye na Mihayo, barabara inajikunja, kila mara inawarudisha kwenye mji uleule wa nyumba za vioo, na kila kioo kinamwonyesha Nyamizi yuko mkekani anabangua karanga. Kwenye mlango wa mji huo kasimama mlinzi asiye na uso, laini kama yai lililomenywa. Anauliza, Mlango ukifungwa, nani yuko nje? Mihayo anakohoa, anaweka koti lake sawa, anasema, Mheshimiwa, tumekuja kwa heshima zote, tunaomba mtoto wetu arudi. Mlinzi anasema, Wote huomba hilo, na mlango unakuwa ukuta.

Barabara inajikunja tena, na sasa aliye pembeni yake si Mihayo, ni Chilongani, mtani wao wa Kigogo. Nyamizi anaona haya. Siku ya mazishi Chilongani alijilaza ndani ya kaburi la Kalunde kama watani wafanyavyo, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, na Nyamizi kwa uchungu wake akasema mtoeni huyo mwendawazimu, Mihayo akamvuta kwa mkono. Hakuna aliyecheka siku ile. Kaburi lilifukiwa kimya kimya.

Mnyamwezi wewe, anasema Chilongani, hata ndotoni unatembea kama umebebeshwa mizigo ya watu. Na wewe Mgogo, anajibu Nyamizi, ng'ombe zako umemwachia nani? Nimewaachia wajomba zako, wamezoea kulala nao. Nyamizi anajikuta anatabasamu, na wako mlangoni. Mlango ukifungwa, nani yuko nje? Wewe hapo, anasema Chilongani, tangu uwekwe mlangoni kuna aliyekuambia karibu ndani? Mlinzi anatetemeka, uso mtupu unapasuka kwa kicheko, na kile kinywa kinapanuka mpaka kinakuwa mlango, wanapita.

Ndani Kalunde kawapa mgongo, anabangua karanga kwenye beseni lisilojaa. Nyamizi anajikuta analo lile sweta la kijani mkononi, anamfunika mabegani. Mtoto anageuka, macho yameshafutika, umebaki mdomo, nao unasinyaa. Sema upesi ulilojia, anasema Chilongani. Na Nyamizi, maneno ya kaka yake yakiwa bado masikioni, anasema, Mwanangu, turudi nyumbani. Mdomo unafunguka kidogo, kama wa mtu aliyengoja neno jingine, kisha unafutika.

Yuko mkekani. Beseni limejaa hadi ukingoni, na chini ya kichwa hakuna sweta. Mlangoni kasimama Chilongani, jua liko nyuma yake na uso hauonekani, na tangu mazishi hajakanyaga hapa. Hodi, Mnyamwezi, anasema, mbona unaniangalia hivyo, unataka nini? Nyamizi hajui huu ni mlango upi. Sikutaka arudi, mtani, anasema. Nilitaka aniage tu.