Jiwe la Winifred

Desmond alikuwa amelifunika jiwe kwa skafu yake ya buluu, kama mtu anayeficha zawadi. Mashabiki wa Everton walipita huku na huku wakielekea milango ya uwanja, pai mkononi, nyimbo kinywani, na upepo wa mtoni ukiwachapa masikio. Siku ya dabi, Buluu wa Everton wakikutana na Wekundu wa Liverpool, hakuna anayetulia mjini.

"Mama mdogo, sogea uone vizuri," alisema. "Na wewe Bernie, acha kununa. Mpira haujaanza, Wekundu mshaanza kulia?"

"Nawalilia nyie," Bernadette alimjibu kaka yake. Hakuwa na tiketi. Alikuja kwa sababu Desmond alimpigia simu kwamba kuna jambo amemfanyia mama, na mama alikuwa na miezi minane tu kaburini.

Desmond akaivuta skafu.

Pale chini, kwenye sakafu ya nje ya uwanja, kati ya mamia ya mawe yaliyochongwa majina ya mashabiki, palikuwa na jiwe la baba yao, Cyril Halsall. Ubavuni mwake limewekwa jipya, linang'aa: WINIFRED HALSALL, BULUU MPAKA KABURINI.

Mama mdogo Agnes akaziba mdomo. Bernadette alihisi joto likimpanda kutoka kifuani hadi kwenye masikio.

"Nani kakwambia mama alikuwa Buluu?"

Desmond akacheka. "Usiniletee utani wa dabi leo. Skafu hii kanifumia nani? Kila baridi moja ya baba, moja yangu."

"Na soksi zako alizifua. Basi mama alikuwa soksi?"

Kaka mtu hakujua, na angejulia wapi? Kila Jumamosi yeye na baba walikuwa uwanjani. Aliyebaki jikoni ni Bernadette, amekaa chini ya meza ya kupigia pasi, anamtazama mama. Redio ilifunguliwa kwa sauti ya kunong'ona. Liverpool wakifunga, mama hakupiga kelele, maana siku nyingine baba alikuwa chumba cha pili na mafua. Aliibonyeza pasi tu, mvuke ukatoka *tssss*, naye macho kayafumba, anatabasamu. Wakifunga matatu, *tssss* mara tatu.

"Nini hicho, Winnie?" baba aliuliza siku moja.

"Kola yako, Cyril."

Hospitalini mama alimshika mkono Bernadette akamwambia, "Wasinifunike buluu, mwanangu." Lakini siku ya mazishi Desmond alilitandika jeneza bendera ya Everton, na Bernadette, kwa kuogopa ugomvi mbele ya kasisi, alinyamaza. Alichofanya ni kupenyeza utepe mwekundu chini ya mto wa marehemu, kama mwizi. Kimya kile kilikuwa kimemkaa kooni miezi minane. Sasa kimechongwa kwenye jiwe.

"Liondoe," alisema.

"Haliondoki! Limeshajengewa. Bernie, nimemweka karibu na mume wake!"

"Umemweka chini ya uongo. Mama mdogo, mwambie."

Agnes alikuwa anafuta miwani isiyo na uchafu. "Ni kweli, Des. Kwetu sote ni Wekundu, tangu babu. Siku ya harusi baba yako alisema rangi ile isivuke kizingiti chake. Dada yangu akaiacha mlangoni, nasi tukamwacha aiache."

Desmond aliwatazama wote wawili. Ndani, uwanja ulianza kuunguruma. Timu zinaingia.

"Tutaongea mpira ukiisha," alisema, akaikunjua tiketi yake.

"Nenda!" Bernadette akapiga kelele, watu wakageuka. "Ndivyo alivyoenda baba, Jumamosi zote! Nenda!"

Akaenda. Bernadette akakaa kitako juu ya jiwe, koti na yote, akaliziba jina. Shabiki mmoja mwenye pai akamwinamia. "Bibie, hapo si kwenye benchi."

"Na wewe si askari. Kale pai yako."

Agnes akamletea chai. Haikunyweka. Dakika zikapita, kumi, ishirini. Kisha mlango mdogo wa pembeni ukafunguka, akatoka Desmond peke yake, uso umempauka. Uwanjani ukishatoka huruhusiwi kurudi, kila mtu anajua, na Desmond hakuwahi kukosa dabi tangu ana miaka sita. Nyuma yake kelele za bao zikalipuka. Shingo ikamgeuka yenyewe, kisha akairudisha, akaja.

"Siku tulizofungwa na Wekundu," alisema, amesimama mbele ya dada yake, "tulikuta keki ya tufaha mezani. Kila mara. Nilidhani anatupoza."

"Alikuwa anasherehekea."

"Keki nzima, Bernie. Na mimi nikimshukuru." Akataka kucheka, ikashindikana. "Jumatatu nitawapigia klabu."

"Utapiga sasa."

"Leo ofisini hakuna mtu."

"Mashine ya kurekodi ujumbe ipo. Nimenyamaza mimi, umesema wewe, sasa tengua."

Desmond akatoa simu. Ikaita mpaka ikakata tamaa, kikasikika kimlio cha kuanza kurekodi. Akajikohoza.

"Hallo. Mimi Desmond Halsall. Kuna jiwe langu hapo nje, nataka mling'oe. Nimekosea maneno."

"Hukukosea maneno," Bernadette alisema, hajainuka. "Sema ulichofanya."

Kaka mtu akafumba macho. "Nimeandika uongo juu ya mama yangu."

"Ana jina."

"Juu ya Winifred Halsall."

"Alikuwa nani?"

Mashabiki wawili wenye skafu za buluu walisimama kumsikiliza. Desmond aliwaona. Masikio yakamwiva.

"Alikuwa Mwekundu," alisema kwenye simu.

"Sikusikia, na wao hawakusikia," Bernadette alisema. "Rudia."