Ishara Kutoka Chini ya Theluji

Wanaokuja kunipa pole huniambia ni kazi ya Mungu. Wananitia hasira. Pale mlimani tulikuwa watatu tu: mimi, mume wangu Kassian, na baba yake, mzee Leonhard, aliyewafundisha nusu ya vijana wa bonde letu hapa Tiroli kwenda milimani na skii, zile mbao za kutelezea thelujini, na kurudi wazima.

Asubuhi ile mzee alisimama mlangoni, akatupitisha mmoja mmoja kukagua vifaa vyetu vya kifuani. Huku kwetu kila mtu hupanda na chake kikituma ishara. Mwenzako akifukiwa na theluji, unageuza chako kiache kutuma, kisikilize, kinakuonyesha umbali kwa namba, na namba ikipungua ujue unamkaribia.

"Chako kiko sawa, mkwe. Na yakitokea ya kutokea?"

"Nageuza kwanza, baba."

"Haswa. Kulia tutalia baadaye."

Kassian akacheka. "Mzee, wewe nawe! Miaka yote hii ya ndoa unamfundisha hayo hayo? Twende, au nikuletee kiti?"

"Kiti mpelekee mama mkwe wako. Mbele!"

Upepo ulikuwa umevuma siku mbili. Theluji ya zamani chini ilikuwa chenga tupu kama sukari, haishikani, na juu yake upepo ulikuwa umelaza bamba gumu, jeupe, la kuvutia macho. Tulipofika ukingoni mwa mteremko wa kaskazini, theluji ikaguna chini ya miguu yetu, bamba likashuka kidogo. Ndilo onyo la bamba linalotaka kukatika.

"Kassian, turudi. Umesikia?"

"Nimesikia. Mteremko wenyewe mfupi, mke wangu. Nyinyi subirini hapa, nivuke peke yangu."

Nikamtazama mzee, nikijua atamkemea. Akakuna ndevu, akatazama alama mbichi za skii za watu waliotutangulia.

"Wenzetu wamepita," akasema. "Nenda. Usisimame katikati."

Alikuwa katikati bamba lilipopasuka juu yake. Mteremko wote ukaondoka naye. Alipiga ukelele mmoja, likatanda vumbi jeupe, kisha kimya.

Nikageuza kifaa changu. Mzee alikwishashuka mbio. Alikuwa ameona ncha ya fimbo ya skii ya Kassian imechomoza, akawa anachimba kwa sepetu huku akiita jina la mwanawe. Nami nikashuka nikiitazama namba. Arobaini. Thelathini. Moyo ulinidunda kwa furaha, naapa, furaha! Ishirini. Kumi. Nne. Nikainua macho, nikajikuta nimemgusa mzee mgongoni.

"Baba, kifaa chako! Hukugeuza!"

Hakunisikia. Fimbo ilikuwa fimbo tu, chini yake hapakuwa na mtu. Nikamvuta kifuani, nikampasua koti, nikakizima mwenyewe. Nilimtukana matusi ambayo mkwe hamtamkii baba mkwe wake. Kisha nikaanza upya kutafuta, na baada ya kuhangaika sana ishara ikaja, hafifu, kutoka mbali bondeni, kwenye misonobari.

Tulimchimbua Kassian sote wawili, kwa sepetu na kwa kucha. Alikuwa bado na joto. Mbele ya mdomo wake theluji ilikuwa imegeuka ganda la barafu, na hilo hufanywa na pumzi. Aliyekufa papo hapo haachi barafu ya namna ile. Mimi najua hivyo kwa sababu mzee ndiye aliyenifundisha. Tulimpulizia, tukamkandamiza kifua kwa zamu, hadi helikopta ya waokoaji ikafika, na daktari akapiga magoti, akatuambia tuache.

Mzee akaketi kwenye theluji na koti lake wazi. Sepetu ilikuwa bado mkononi.

"Mkwe," akasema, "ishara uliipata mapema?"

Ningeweza kumdanganya. Nilimpenda mzee huyu, bado nampenda, na uongo ulinifika hadi kwenye ulimi. Lakini mume wangu alikuwa amelala baina yetu, barafu ikimyeyuka midomoni, nami sikuwa na huruma iliyobaki ya kumgawia mtu.

"Niliipata upesi sana, baba," nikamwambia. "Ilikuwa yako."