Mfarishi Usio na Maua

Ukitaka kujua jinsi mtu mpole anavyoweza kuvimba kwa hasira mpaka akakosa pa kuiweka, ungemwona Fundi siku aliyorudi nyumbani akakuta kitanda chake kimeota maua.

Fundi ndilo jina walilomwita wote, mumewe na mama mkwe wakiwamo, kwa sababu ya cherehani iliyokaa sebuleni karibu na dirisha. Tangu aolewe alikuwa akiwashonea watu wanachokitaka wao. Wakitaka marinda, aliweka marinda. Wakitaka lesi juu ya lesi, aliuma ulimi akaweka. Na nyumba yenyewe, ukweli usemwe, haikuwa yake. Ilikuwa ya Mapambo, dada wa mumewe, aliyeishi nyumba ya pili na kuingia bila kubisha hodi. Mapambo hakuweza kuona kitu kitupu akakiacha. Friji alilivika kitambaa, birika akalivika kofia, na rimoti ya televisheni ilikuwa na gauni. Ukikaa kwenye kochi, mto wa maua unakusukuma mgongo. Ukigeuka, maua ya plastiki yanakutekenya sikio. Fundi alivipangusa vumbi kila asubuhi na hakusema neno, maana wifi ni wifi.

Siku moja alikwenda dukani kununua sukari, akakuta imekwisha. Wateja walikuwa wamesimama mbele ya rafu wakilalamika, mmoja akidai meneja aitwe aje kuona aibu yake. Rafu zilikuwa nyeupe, tupu, kutoka mwanzo wa ukuta hadi mwisho, na kwenye ile ya chini, pembeni kabisa, ilibaki pakiti moja ya chumvi, ya buluu. Basi. Fundi alisimama pale na kikapu chake, akahisi kifua kinafunguka. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho macho yake yalipata mahali pa kupumzika. Alitazama mpaka mlinzi akaanza kumtilia shaka, kisha akatoka bila sukari, akapitia kwa muuza vitambaa.

Alijua anachotaka kushona: mfarishi, lile shuka nene la kitambaa juu, kitambaa chini na pamba katikati, wa kitanda chake mwenyewe. Mweupe. Mistari mitatu myembamba ya kijivu, ikikatiza upana wote kama kingo za rafu, na chini pembeni kipande kimoja cha buluu kinachoenea kiganjani. Usidhani hiyo ni kazi nyepesi. Ua huficha mshono uliopinda, lakini nyeupe haifichi kitu. Kila mstari aliupima, akaupiga bandi ya kuushikiza kwanza, akaushona, na ulipokwenda upande akaufumua akaanza upya. Tabaka zote alizishikanisha kwa mkono, kwa mishono midogo, kila alasiri wateja walipopungua. Kile kipande cha buluu alikisogeza huku na huku, kulia kidogo, chini kidogo, mpaka kikakaa mahali pake.

Alipoutandika, Mapambo alikuwa wa kwanza kuja kuuona.

"Wifi, hii ndiyo nini?"

"Mfarishi."

"Bado hujamaliza, siyo?"

"Umekwisha."

Mapambo alikizunguka kitanda, mikono kiunoni. "Mbona kama sanda?"

"Ndivyo ninavyoutaka, wifi. Naomba usiuguse."

Mumewe Fundi alikuwa pale mlangoni akitafuta soksi yake ya pili, na maneno hayo aliyasikia. Tunalitaja hilo kwa sababu baadaye alijifanya hakuyasikia.

Wiki hiyo Fundi alikwenda kumsaidia dada yake aliyekuwa amejifungua. Aliporudi alimkuta mama mkwe amekuja, amekaa kwenye kiti chumbani kabisa, Mapambo amesimama kando yake, na mumewe anachekacheka kama mtu anayeficha zawadi. Kitandani palikuwa na bustani. Maua ya manjano, maua ya waridi, makubwa kama sahani, yameshonwa juu ya ule weupe wote. Lesi imezungushwa pembe nne. Mistari ya kijivu ilikuwa imevishwa utepe. Na lile ua kubwa kuliko yote lilikuwa limekalia kipande cha buluu.

"Wifi yako kakumalizia kazi," mumewe akasema. "Haya, mshukuru."

Damu ilimchemka Fundi mpaka masikio yakavuma. Kumshukuru! Mtu akuingilie chumbani, akuharibie kitu pekee ulichowahi kujishonea, halafu wewe ndiye utoe shukrani, tena mbele ya mashahidi. Hakushukuru. Alikwenda kwenye cherehani, akachukua wembe wake wa kufumulia, akarudi, akaketi kitandani, akaanza na ua la karibu.

"Fundi," mama mkwe akasema, "mkweo yupo hapa. Weka huo wembe."

"Samahani, mama. Nitauweka nikimaliza."

Nyuzi zilikatika moja moja, na chumba chote kilisikia. Alipofika kwenye ua kubwa, wembe haukupita. Mapambo alikuwa amelibandika kwa gundi. Fundi alilivuta polepole, na lilipotoka liliacha doa la manjano katikati ya buluu.

Mapambo akaanza kulia. "Nilikuwa nakusaidia. Watu wangesema kaka yangu kashindwa kukununulia kitambaa cha kutosha."

"Wifi," Fundi akasema, na sauti yake ilitetemeka kwa hasira, siyo kwa machozi. "Gauni lako liko pale kwenye cherehani tangu mwezi uliopita. Lina maua mpaka kwenye makwapa. Nimekaa nalo peke yangu, na wembe ninao. Nimewahi kukutolea ua hata moja?"

Mama mkwe alitazama dirishani. Fundi alikusanya maua yote, akayakunja vizuri, akamwekea wifi yake mikononi, na wifi akaondoka nayo.

Mama mkwe alipokwenda sebuleni, mume alibaki amesimama, mkononi mto wa maua ambao Mapambo alikuwa ameuweka kitandani, hajui aurudishe au vipi. Mfarishi ulikuwa umejaa vitobo vidogo palipopita sindano. Fundi alikuwa akivisugua kwa ukucha, kimoja baada ya kingine, ili uzi wa kitambaa urudi mahali pake. Doa hakuligusa.

"Nilikusikia," mumewe akasema hatimaye. "Siku ile ulipomwambia asiuguse. Nilisikia, na alipokuja na maua yake mimi ndiye niliyemfungulia mlango wa chumba."

"Najua," Fundi akasema bila kuinua macho. "Wifi ndiye anayedhani kosa ni lake peke yake. Kamwambie."

Mume alisubiri kidogo, labda ataambiwa basi, yaishe. Hakuambiwa. Akavaa viatu, akatoka kwenda kwa dada yake, na ule mto wa maua akaondoka nao kwapani.