Upepo Haukukatika

Mdomo wangu hauna breki, nakiri. Miaka thelathini na minane nimemwita mume wangu Wa Pili, mbele ya wageni, mbele ya wakwe, mpaka muuza maziwa naye akalidaka jina. Mwenyewe hucheka tu na kutoa jibu lake lile lile: "Upepo ulikatika, mama watoto. Ningefanya nini?"

Enzi hizo alikuwa bingwa wa mashua za tanga, bandari nzima hana mpinzani. Mimi nilikuwa nashona matanga kwenye karakana nyuma ya gati, na tanga lake nililishona mwenyewe, mshono mara mbili. Ndipo wakaja watu wa sinema. Walitaka kutengeneza filamu ya mashindano ya mashua, na nyota wao, kijana mmoja mwenye meno ya tangazo la dawa ya meno, amshinde bingwa kwenye mbio za mwisho. Mume wangu akakubali kushindwa. Loo, kukubali kwa mdomo ni rahisi! Kila walipopiga picha mikono yake ilimkatalia, akamaliza wa kwanza. Mara sita. Yule nyota alikuwa karibu kulia.

Sisi wa karakana tulipangwa gatini tuwe watazamaji, kazi yetu kushangilia. Nilikuwa na mimba ya miezi minane, gauni la njano, jua la utosi. Baada ya mara ya sita mwongozaji akashika kipaza sauti.

"Mtu huyu amenishinda! Tunarudia mara moja tu. Akishindwa, tumemaliza, kila mtu aende kwake. Akishinda tena, nabadilisha hadithi, yeye ndiye shujaa. Ila tutapiga mbio zote upya tangu mwanzo, leo hii hii, na hakuna kutoka gatini mpaka jua lizame."

Tulipiga vigelegele! Na aliyepiga kuliko wote ni mimi. Mume wangu, shujaa wa sinema! Nilishajiona nimekaa kiti cha mbele, shingo imenyooka.

Akashindwa. Kwa urefu wa mashua moja. Nilikosa pa kuuweka uso wangu. Filamu ilipofika mjini niligoma kwenda kuitazama, naye hakwenda. Mtoto akazaliwa, mashua ikauzwa, bwana akafungua duka la vipuri. Hapo ndipo nilipoanza kumwita Wa Pili, na mwanzoni haukuwa utani hata kidogo, nilikuwa nimeudhika kweli.

Jumapili iliyopita binti yetu, kifungua mimba, alikuja na kompyuta yake. Ile filamu ameipata, sijui ameichimbua wapi.

"Leo ugomvi wenu unaisha," akasema. "Mama, kama upepo ulikatika, utamwomba Baba msamaha."

"Na magoti nitapiga," nikasema.

Mzee wangu akaanza kulalamika eti macho yanamuuma, eti tule kwanza. Nikamkalisha.

Jamani, vile tulivyokuwa! Mabega yake yale. Karakana yetu na mlango wake wa bati, mahali ambapo leo watu wanaegesha magari. Wenzangu wa cherehani wamejipanga gatini wanacheka, na wawili kati yao wameshatangulia. Machozi yalinilengalenga kabla mbio hazijaanza.

Zikafika mbio za mwisho. Yuko mbele, amebakiza kidogo afike.

"Simamisha hapo," nikamwambia binti yangu. Mtu aliyeshona matanga miaka ishirini hadanganywi habari za upepo. Bendera za gatini zilikuwa zimenyooka kama zimepigwa pasi, na tanga langu limejaa tele.

"Upepo haukukatika!" nikapiga kelele. "Mwongo mkubwa we! Miaka yote hii!"

"Mama, tazama mkono wake."

Akairudisha picha nyuma, akaiendesha polepole. Mume wangu anageuza shingo. Hamwangalii mpinzani wake, wala mstari wa kumalizia. Anaangalia gatini. Kisha mkono unailegeza kamba, taratibu, na tanga linapwaya.

"Anaangalia nini huyu?" nikauliza.

Binti yangu akaweka kidole kwenye kona ya kioo. Katikati ya watu wanaoruka na kushangilia, gauni la njano limekaa chini, kichwa kimeinamia magotini.

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilikaa. Nilikumbuka vigelegele tu.

Nikamgeukia mzee wangu. Alikuwa anajitia kutafuta miwani, na miwani iko usoni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungejilaumu," akasema. "Bora unilaumu mimi. Mimi ningezoea."

Binti yetu, mtu mzima na watoto wake, alifunga kompyuta akageukia dirishani. Upepo haukukatika, kwa hiyo dau nilikuwa nimeshinda mimi. Nikapiga magoti hivyo hivyo, magoti yangu haya mabovu, na ikabidi wanishike mikono wote wawili kuniinua.